Asiyeitikiwa Haachi Mstari

Kuna fundi mmoja wa mawe pale mtaa wa Satellite, Nairobi, ambaye mafundi wenzake humcheka kwa jambo moja. Ukimwita jina lake, hata kama ana kikombe cha chai mdomoni, hata kama yuko juu ya ngazi na mwiko umejaa simiti, ataitika papo hapo. Hangoji uite mara ya pili. Vijana wa mjengo walipogundua hilo wakawa wanamwita ovyo, Nzembi, Nzembi, waone anavyoshtuka. Siku moja nilimrushia mmoja wao kipande cha mbao na mpaka leo sijuti. Angejua Nzembi anaitikia nini, kicheko kingemkwama kooni.

Mimi ni Naliaka, Mbukusu kwa kuzaliwa, Kawangware kwa kuishi. Mdomo wangu hauna breki, na hilo nalisema mapema ili tusisumbuane baadaye. Nzembi nilimjua chuoni, wakati huo akiitwa Yvonne na kila mtu, yeye mwenyewe pia.

Chuo chenyewe kilikuwa Kabiria, karakana ya mabati na uwanja wa kuchanganyia simiti. Kilianzishwa na Mwalimu Kavata, Mkamba wa Mwingi aliyesimamia mijengo hadi akastaafu. Aliwahi kualikwa Kanada kwenye mkutano wa wanawake wa ujenzi, na huko akawaona wanawake wa Kimikmaki, watu wa asili wa upande ule, wakifundishwa kuchomelea vyuma na kupasua mbao, na katika darasa lilo hilo wakifundishwa lugha ya bibi zao iliyokuwa ikiwatoka mdomoni. Mwalimu alirudi na wazo hilo likimkereketa. Mabinti wa Kikamba waliozaliwa Nairobi, alisema, wanajua kuomba kazi kwa lugha mbili na hawajui kumwamkia susu wao, yaani nyanya yao, kwa lugha yake. Basi akaanzisha chuo cha uashi ambapo asubuhi ni mawe, timazi na pimamaji, na baada ya chakula ni Kikamba, na nyimbo za mwethya, vile vikundi vya wanawake waliolima na kuchimba matuta pamoja vijijini.

Mradi ulikuwa wa mabinti wa Kikamba, lakini mlango haukuwa na askari. Mimi nilifuata ufundi nikakuta na lugha juu yake. Nilijitetea kwamba sisi kwetu tuna lugha ya kutosha, haijapotea, njooni muisikie harusini. Mwalimu Kavata akanijibu kwamba anayekula kwa watu husalimia kwa lugha ya mwenye nyumba. Nikakaa. Leo nikikosana na mtu sokoni namtukana kwa Kibukusu na kumwombea mema kwa Kikamba, na hajui kipi ni kipi.

Yvonne alikuwa binti mrefu, mpole kupita kiasi, mwenye mkono mwepesi wa kupanga mawe. Ukuta wake haukuhitaji kukaguliwa mara mbili. Lakini alikuwa na mambo mawili yaliyonisumbua. La kwanza, hakuimba. Darasa zima likiitikia, yeye anatazama viatu vyake. La pili lilinichukua muda kulijua. Kila mashine ya kuchanganya simiti ilipozimwa, ule ukimya unaoshuka ghafla, Yvonne aligeuza kichwa. Aligeuka upande wa kushoto, juu kidogo, kama mtu aliyesimama jikoni na kuna mgonjwa chumba cha ndani. Alisubiri. Halafu alirudi kazini bila neno.

Nilimvumilia kadiri mtu kama mimi anavyoweza kuvumilia. Mchana mmoja tukiwa kibandani tunakula chapati na maharagwe, madondo tunavyoyaita, nikamuuliza wazi wazi anamsikia nani.

Aliweka kijiko chini. Alisema, "Ni susu. Alikufa kwetu. Ananiita, ama anaita mtu, sijui."

Nikapata habari yote pale pale, chai ikipoa. Susu wake, Kavutha, mama mzazi wa baba yake, aliletwa kutoka Mwingi alipozidiwa, akalazwa katika chumba cha ndani pale nyumbani kwao Kabiria. Ng'ambo ya ukuta kuna jirani mwenye kinu cha kusagia unga. Kinu kinavuma mchana kutwa. Kikinyamaza tu, susu aliinua sauti na kuita. Ulikuwa mstari mmoja wa wimbo, unapanda, unashuka, na mwisho wake jina: Nzembi. Kisha ananyamaza. Anangoja. Kisha anaanza tena, kwa sauti iliyozidi kudhoofika, siku baada ya siku.

Nikamwambia Nzembi si ndilo jina lake la kwenye kitambulisho. Akasema ndilo, lakini ni jina la mama yake susu, aliyekufa zamani. Yvonne alipozaliwa, kwa vile yeye ndiye binti pekee, walitaka kumpa jina la Kavutha mwenyewe, susu akakataa. Mpeni mama yangu, alisema. Na tangu siku hiyo hakumwita mtoto yule Nzembi kamwe. Alimwita mwaitu, mama yangu, maana amerudi katika umbo lake. Mtu hamwiti mama yake kwa jina.

Kwa hiyo jina lilipoanza kuitwa mle chumbani, baba yake, Mzee Mutinda, shemasi wa kanisa, mtu asiyepandisha sauti, aliwakusanya sebuleni akawaambia susu anamwita marehemu. Anaita wafu, alisema, na sisi ni watu tuliookoka. Mtu yeyote asiitike. Akaagiza kwamba kila susu atakapoanza, wao waimbe tenzi. Mama yake Yvonne, Hannah, ana sauti ya kwaya, na Yvonne naye alikuwa nayo wakati huo. Wakaimba. Kinu kikinyamaza, susu anaita, wao wanamfunika kwa sauti ya kusifu, mlango umefungwa.

"Siku ya mwisho nilikuwa nimemshika mkono," Yvonne aliniambia. "Akaita. Mimi nikaimba juu yake. Alikuwa ananiangalia, Naliaka. Ananiangalia mimi, na mimi naimba."

Sauti yenyewe haikumtisha, alisema. Sauti ilikuwa ya susu, na alimpenda. Kilichomla ni ule ukimya baada ya jina, kwa sababu ulikuwa ukimya wa mtu anayengoja. Ndio uliomfuata hadi kwenye simiti. Na hakujua la kufikiri. Ikiwa baba alisema kweli, basi susu alikufa akiongea na makaburi, na Yvonne amebeba jina la kaburi lenyewe. Ikiwa baba alikosea, basi kulikuwa na mtu wa kuitika na hakuitika.

Nikamwambia amuulize Mwalimu Kavata, ndiye mwenye nyimbo zote za Mwingi kichwani. Akakataa katakata. "Hiyo siwezi. Nikiuliza, nitajibiwa." Nilimwona mjinga, nikamwambia hivyo hivyo. Akamaliza madondo yake kwa adabu. Baadaye nilielewa kwamba ndiyo sababu iliyomleta chuoni na ndiyo iliyomziba mdomo. Alijiandikisha apate kujua, na kila siku baada ya chakula aliomba Mungu wimbo ule usifundishwe.

Haukufundishwa darasani. Mwalimu alikuwa na desturi ya kuacha nyimbo fulani hadi kazi inayoimbiwa ifike.

Kazi ilifika Spring Valley, mtaa wa matajiri. Mtu mmoja alikuwa anajenga nyumba ya wageni uani kwake, na Mwalimu Kavata akapata kibarua cha kumwaga slabu, ili mafundi wake wapate jaribio la kweli. Kule ni kuzuri, sitadanganya. Miti mirefu, ua umekatwa vizuri, na kimya kinachomfanya mtu wa Kawangware ajisikie ameziba masikio. Nilipotua nilimtazama Yvonne. Uso ulikuwa umeshampauka. Mahali pale palikuwa pamejaa ukimya ule wake kila upande.

Asiyejua slabu, ile sakafu ya zege ya juu, nimweleze. Simiti inachanganywa chini, inatiwa kwenye karai, na wanawake wanajipanga kwenye ngazi ya mbao kutoka chini hadi juu. Karai linapita mkono kwa mkono. Wa juu kabisa ndiye anayelipokea, analimwaga, anatupa chini lililo tupu, na kabla hajanyoosha mgongo lingine limefika. Slabu haisimami. Ukipumzika katikati, simiti ya kwanza inashika kabla ya ya pili, na hapo umemjengea mtu ufa. Kwa hiyo aliye juu hawezi kushuka kwa sababu tu amechoka.

Mwalimu Kavata alipanda juu mwenyewe, na umri wake ule. Akaanza wito, sisi tukaitikia, na karai zikafuata mwendo wa wimbo. Sijawahi kuona kazi nzito ikiwa tamu namna ile. Mimi nilikuwa karibu na kilele cha ngazi. Yvonne alikuwa juu yangu, wa mwisho kabla ya Mwalimu, kwa sababu mikono yake ilikuwa thabiti kuliko yetu. Hakuimba, lakini alipokea na kupitisha.

Jua lilipokuwa limepanda, mashine ya kuchanganya ikazimika, mafuta yameisha. Kijana wa mashine akakimbilia galoni. Karai chache zilikuwa bado kwenye mstari, tukaendelea kuzipitisha. Katika kile kimya cha Spring Valley, Mwalimu Kavata alibadilisha wimbo. Ulipanda, ukashuka, na mwisho wake akaweka jina la mtu aliyekuwa anafuata chini yake.

"Nzembi."

Karai lilimponyoka Yvonne. Likagonga ngazi, simiti ikanimwagikia kifuani na kwenye viatu vyangu vipya. Sikusema kitu, na wanaonijua wajue hapo kulikuwa na jambo. Yvonne alikuwa ameshika mbao kwa mikono miwili, midomo imekuwa ya kijivu.

Mwalimu alitazama chini. Hakukasirika. Yvonne akamuuliza, kwa sauti ndogo, ule ni wimbo wa nini.

Mwalimu alieleza huku ameinama, mikono kwenye magoti. Ni wito wa kuachia. Wanawake wakichimba matuta, wa mbele ndiye anayekata udongo mgumu na kuurusha juu, na wengine wanafuata mwendo wake. Akichoka hatoki tu, maana akitoka mstari unavunjika. Anamwita kwa wimbo yule anayemtaka ashike mahali pake. Humwita kwa jina lake la kuzaliwa, hata awe mama mkwe wake, kwa sababu kwenye mstari hakuna mama wala shangazi, kuna mikono. Aliyeitwa anaitika, "Ni vaa," yaani niko hapa. Hapo ndipo yule wa kwanza anaweka jembe chini na kwenda kivulini.

"Na asipoitikiwa?"

"Anaendelea."

"Mpaka lini?"

Mwalimu Kavata akamtazama kama anayeshangaa swali. "Mpaka aitikiwe, mwanangu. Asiyeitikiwa haachi mstari."

Yvonne alikaa kwenye ngazi. Hakulia kwa kelele. Machozi yalimshuka tu, yakichora njia kwenye vumbi la simiti, na mimi nilisimama chini yake nimeshika mguu wake kwa sababu ndio niliokuwa naufikia. Nilijua anaona nini. Nami nilikuwa nakiona. Bibi kizee kitandani, hana jembe wala nguvu ya kushika kikombe, bado yuko mbele ya mstari. Anaomba kupumzika. Na mlangoni watu wanamwimbia.

Mashine iliwaka tena. Karai zikaanza kupanda, na Mwalimu alikuwa bado juu, maana hakuna aliyemwitikia. Mgongo wake ulikuwa unatetemeka, nikaona wazi. Angeweza kushuka, ni mwalimu, nani angemwuliza? Hakushuka. Akaita tena, wito ule ule, jina lile lile.

Yvonne alisimama. Alifungua mdomo mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya pili akaitika, "Ni vaa," kwa sauti kubwa mno, iliyopasuka, hata mwenye nyumba akatoka barazani. Hakuwa anamtazama Mwalimu. Alikuwa amegeuka kushoto, juu kidogo. Kisha akapanda, akapokea karai, Mwalimu akaenda kukaa chini ya mti, na binti yule aliyekuwa hajaimba tangu tumjue akatuongoza mpaka slabu ikajaa kona zote.

Tangu siku hiyo tulimwita Nzembi. Alitaka hivyo.

Jumapili iliyofuata aliniomba nimsindikize kwao, baada ya ibada. Nilikwenda kwa hiari na kwa hasira. Nilikuwa nimemwandalia Mzee Mutinda maneno, mengine ya Kibukusu kabisa. Shemasi mzima, mzaliwa wa Mwingi, unashindwa kujua wimbo wa jembe na wimbo wa mapepo? Njiani nilikuwa nimeyapanga kama mawe. Nzembi alitembea bila kunisikiliza.

Tulimkuta mzee sebuleni, bado amevaa suti, viatu amevua. Mama Hannah alitupa chai na mihogo, akakaa. Ng'ambo ya ukuta kinu kilikuwa kinavuma, maana jirani yule hana Jumapili. Nzembi aliwaeleza yote, taratibu, wito wa kuachia na kazi yake. Mama Hannah aliweka mkono mdomoni. Alisema hakujua, yeye ni wa kukulia mjini, aliambiwa ni wafu. Akarudia hivyo mara kadhaa.

Mzee Mutinda hakushangaa. Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa barua aliyoiandika mwenyewe.

"Ninaujua huo wimbo," alisema. "Nililala mgongoni mwa mama yangu akiuimba."

Nzembi akamuuliza kwa nini basi aliwaambia ni wafu.

Mzee aliweka kikombe chini. Alisema walipokuwa wadogo walifundishwa jambo moja, na wokovu wote haukulitoa: mtu anayekufa akikuita jina, usiitike. Ukiitika umekubali kwenda naye. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba mama yake hamwiti marehemu. Anamwita msichana aliyekuwa anamletea uji. Labda alimwita ashike jembe. Labda alimwita amfuate. Yeye hakuweza kutofautisha, na hakuthubutu kujaribu.

"Nilikuwa na mama mmoja na binti mmoja," alisema. "Mama alikuwa anaenda hata nikifanya nini. Nikakuziba masikio wewe."

Maneno yangu yote niliyoyapanga yalianguka. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, walisema wahenga, lakini hawakusema kuhusu mtu aliyemchelea mwana kufa. Mimi mwenyewe nina mwana. Sijui ningeimba tenzi ngapi.

Nzembi alihama kiti, akakaa karibu na baba yake. Alimwambia ameshaitika, na hajafa. Alimwambia tangu siku ile ya Spring Valley mashine zikizimwa hasikii kitu, ni kimya tu cha kawaida. Susu amekwenda kivulini. Nilidhani mzee angefurahi, au angalau angepumua. Alimshika binti yake kichwani.

Kisha akasema, bila kumtazama yeyote, "Mimi ndiye nilikuwa namgeuza. Nilimwosha, nilimlisha, nililala sakafuni karibu na kitanda. Siku zote zile hakuniita mimi hata mara moja."

Nzembi akamwambia mstari ulikuwa wa wanawake. Alisema hivyo kwa upole sana, na mzee akakubali kwa kichwa. Mama Hannah akaondoa vikombe.

Hapo ndipo jirani alipozima kinu. Ukimya ukaingia sebuleni ukakaa nasi. Nilimtazama Nzembi kwa mazoea, nione kama atageuka. Hakugeuka. Alikuwa anamenya muhogo.

Ni Mzee Mutinda aliyegeuka. Aligeuka kuelekea mlango wa chumba cha ndani, midomo imefunguka kidogo, tayari kuitika, akangoja mpaka kinu kikawaka tena.